Mwanya wa Mtu na Baiskeli Yake

Andika kwanza hili, kwa kuwa ndilo ninalolionea fahari. Ng'ambo ya Magogoni, ukishavuka kwa pantoni na kuiacha lami, ipo njia ya changarawe na mchanga ambayo mtu anaweza kuiendesha baiskeli tangu jua likiwa changa hadi karibu na adhuhuri asikutane na gari hata moja. Inapita katikati ya mikorosho, mihogo na nyua za watu, mahali ambapo kelele kubwa kabisa ni ya kuku anayetangaza yai lake. Nayo ilianzia hapa Mchafukoge, kwenye baraza la nyumba yangu. Aliyeiunga hakuwa mhandisi wala diwani. Alikuwa fundi baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mimi pia nilimwita hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na jina lake jingine nitawaachia waliompa.

Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Haya ninayasema, na mjukuu wangu anayaandika. Nimemkataza kuyarembesha. Na pale nitakapomwambia aweke kalamu chini, ataiweka.

Baraza langu si kubwa. Lina ngazi mbili na nguzo mbili, na dirisha la chumba changu linalitazama kwa karibu, ndiyo maana nimesikia mengi kuliko nilivyokusudia. Fundi alikuwa na sanduku la mbao la vifaa, beseni la maji la kutafutia pancha, na magurudumu aliyoyatundika kwenye misumari ya nguzo. Mahali pale mimi mwenyewe nilimpa, na kila mtu alijua ni pake. Hata hivyo, kila asubuhi alisimama chini ya ngazi akapiga hodi. “Hodi, Bi Mkubwa.” Nami nikiwa ndani hujibu, “Karibu, Fundi,” ndipo akapanda, akafagia toka mlangoni hadi kwenye mfereji, akashusha sanduku.

Asubuhi moja nilikuwa katika swala, na nyiradi zangu zikawa ndefu. Kupitia dirishani nilisikia wateja wawili wakimcheka.

“Fundi, si upande tu! Baraza lako hilo.”

“Sijaitikiwa.”

“Na usipoitikiwa mpaka kesho?”

“Basi baiskeli yako utaipata keshokutwa.”

Nilipotoka nilimkuta bado amesimama, jua usoni, sanduku begani. Sikumwomba radhi, naye hakuitaka. Nilisema karibu, akapanda.

Kazi yake aliifanya kwa masikio kwanza. Aliligeuza gurudumu juu chini, akazigonga spoki moja moja kwa ukucha, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza habari kutoka chumba cha pili. Daktari mmoja wa meno, mwenye chumba chake cha kazi mtaa wa nyuma, alimletea baiskeli mpya ya matairi mapana, ile aina inayotengenezwa kwa ajili ya njia za changarawe, nyepesi hata mtu huiinua kwa vidole viwili. Aliileta ili isifiwe. Fundi aligonga spoki tatu, akaacha.

“Ina homa hii.”

“Fundi, ni mpya. Haina hata wiki.”

“Mtoto mchanga naye hupata homa. Iache, njoo Alhamisi.”

Alhamisi daktari aliichukua, akazunguka nayo hadi kona na kurudi. Tangu siku hiyo alimpa Fundi shikamoo, ingawa umri wao ulikuwa mmoja.

Sitaki msomaji adhani kwamba alikuwa mtu mpole. Alikuwa na ulimi. Mtu akimletea baiskeli yenye tope alimrudisha nayo: “Nenda kaioshe. Mimi natengeneza baiskeli, sifukui.” Kusifu alikuona kama kupoteza mate. Na alikuwa na majivuno yake madogo: alibana miguu ya suruali kwa vibanio vya kuanikia nguo, vya mbao siku za kazi na vya rangi ya kijani Jumapili, na ole wake aliyemwambia kwamba havilingani. Aliwaponya watu wote milio ya baiskeli zao, huku yake ikilia kama mlango wa ghala. Nilimwambia aibu hiyo. Akasema, “Iache ilie, Bi Mkubwa, ina kazi yake.” Kazi gani, hakusema, na mimi sibembelezi mtu aseme.

Jambo jingine lililowashangaza wageni ni kwamba mjini hakupanda. Kutoka kwake hadi kwangu, kutoka kwangu hadi sokoni Kariakoo kutafuta cheni na tyubu, kati ya mikokoteni, bodaboda, malori ya mizigo na watu, aliiongoza baiskeli yake kwa mkono kama mbuzi anayepelekwa kwenye akika. Vijana wa mikokoteni walimtania: “Fundi, imekufa hiyo?” Aliendelea kuiongoza. Nilimwuliza mara moja tu, nikiwa ninapepeta mchele mlangoni, naye akiwa anaziba pancha.

“Asubuhi moja nilimfungia mtu gurudumu,” alisema. “Akanishukuru, akaenda. Mchana wakaniletea gurudumu peke yake, limekunjwa na lori, waniulize kama ni kazi yangu.”

Alizamisha tyubu katika beseni, akatazama mapovu. Hatukulizungumza tena. Lakini tangu siku hiyo nilielewa alichokuwa anakitafuta kila Jumapili.

Kabla ya kuelewa nilimlaumu sana. Katika mtaa wetu kila kinachotembea kina mzigo. Mtu anatoka na gunia au anarudi na gunia. Fundi alitoka Jumapili alfajiri, akavuka maji, akakanyaga pedeli hadi mchana, akarudi na keria tupu. Si yeye tu. Alifuatana na watu wazima wenye akili zao. Palikuwa na yule daktari wa meno. Palikuwa na muuguzi wa hospitali, tuliyemwita Nesi, aliyevaa suruali pana chini ya baibui fupi na kuwashinda wanaume wote vilimani. Na palikuwa na karani mmoja wa benki, kijana mwenye bashasha, simu yake haiondoki mkononi, ambaye tulimwita Karani.

“Fundi, umeleta nini?” nilimwuliza kila aliporudi.

“Nimeleta miguu yangu, Bi Mkubwa. Yote miwili.”

“Hata embe moja?”

“Embe lina mwenyewe.”

Basi mimi nikaingia ndani na kufunga dirisha ili ajue.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mtu huyu, ambaye furaha yake yote ilikuwa ng'ambo ya maji, aliyaogopa maji. Pantoni likianza kutetemeka alikaa juu ya sanduku la maboya, akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, akafumba macho, na midomo yake ikawa inasoma. Mwendo ni wa dakika chache tu. Watu huvuka wakila mihogo ya kukaanga. Karani, mtundu yule, alimwinamia sikioni: “Fundi, fumbua macho, tumeshafika Unguja.” Naye bila kufumbua alijibu, “Basi shuka wewe kwanza.” Hakukosa Jumapili hata moja kwa ajili ya hofu hiyo. Mimi nawaheshimu waoga wa namna hiyo.

Njia aliiunga kidogo kidogo, kwa miaka, kama mtu anayeshona kanzu kutokana na vipande. Kipande hiki kilikuwa kijia cha wagema, kile kilikuwa mapito ya ng'ombe, kingine barabara ya zamani ya shamba iliyosahauliwa na magari ikabaki changarawe na majani. Kati ya kipande na kipande palikuwa na mashamba ya watu, na mara nyingine ua wenyewe, jiko upande huu na choo upande ule. Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Fundi alikwenda kwa miguu, akapiga hodi, akajieleza. Walipomkataza alizunguka. Walipomruhusu alirudi mara ya pili bila baiskeli, kusalimu tu, ili waone kwamba hakuja kwa sababu ya njia peke yake. Alizijua nyumba zile kwa maradhi yao: huyu mgongo, huyu sukari, huyu mtoto wake hasikii vizuri. Mwenye baiskeli mbovu alitengenezewa pale pale, chini ya paa lake.

Kwa waliomfuata alikuwa na masharti, na sharti lililovunjwa lilimrudisha mtu mjini. Ukiona ufagio umepita juu ya mchanga, ujue hapo ni uani: shuka. Piga hodi, ngoja uitikiwe, ongoza baiskeli kwa mkono, salimia wakubwa kwa wadogo, na usipande mpaka umeipita nyumba ya mwisho. Penye makaburi, shuka pia, na usiseme. Na waliporudi barazani kwangu hakuwauliza wamekwenda umbali gani. Karani alikuwa anayasoma hayo kwenye simu kwa sauti, na Fundi hasikilizi. Swali lake lilikuwa moja.

“Nani kakuitikia leo?”

Nesi alikuwa hodari wa kujibu. Daktari wa meno alisahau majina, akatozwa faini ya kujaza upepo matairi ya kila mtu. Nikiwa dirishani nilianza kuwajua watu ambao sijawahi kuwaona, hasa mwanamke mmoja aliyeitwa Mwenye Mikorosho, ambaye ua wake ulikuwa katikati kabisa ya safari. Bila ua ule njia ilikuwa vipande viwili visivyokutana, kwa kuwa upande wa kushoto ni bwawa na upande wa kulia ni barabara ya malori ya kokoto.

Fundi alijua kusoma na kuandika. Hati yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walimletea bahasha za kadi za harusi awaandikie majina. Lakini njia hakuiandika. Karani alimsihi achore ramani, akakataa katakata: “Mimi nimeruhusiwa kupita. Sikuruhusiwa kuigawa.”

Sasa naja kwenye kosa.

Karani hakuwa mtu mbaya, na mjukuu wangu aandike hivyo kwa herufi zilizonyooka. Aliionea fahari njia ile kama mimi ninavyoionea, na fahari yake ilikuwa changa, haikuvumilia kukaa kimya. Simu yake ilijua kumfuata mtu mahali anapopita na kuchora mstari. Akauchukua mstari ule, akauweka mahali ambapo wapanda baiskeli wa miji yote huonyeshana njia zao, akaandika kwamba Bongo nayo ina njia isiyo na gari. Alidhani ametupandisha hadhi. Lakini mstari ule ulionyesha kona na vilima tu. Haukuonyesha ufagio juu ya mchanga.

Baada ya muda mfupi watu wasiojulikana walianza kupita. Walikwenda kasi, wakifuata simu zilizofungwa usukanini. Jumapili moja kundi la wanane liliingia uani kwa Mwenye Mikorosho bila hodi, limepanda. Mama yake alikuwa amezikwa juzi yake. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye majamvi, tanga halijaondolewa, na sahani za wali ziko katikati yao. Wale watu walipita ukingoni mwa majamvi, wakitimua vumbi juu ya chakula cha msiba, na mmoja wao akapiga kengele ili wanawake wampishe.

Fundi hakuwa na habari, kwa kuwa wiki zile alikuwa na homa na hakuvuka. Alipopona alikwenda na watu wake, wakakuta mahali pa kuingilia ua ule pamezibwa kwa matawi ya miiba, yamelazwa moja juu ya jingine hadi kupita kichwa cha mtu. Jirani wa shamba la pili ndiye aliyewaeleza. Walirudi kabla ya saa nne, na nilijua kuna jambo, maana baiskeli ya Fundi ililia mtaani peke yake, hakuna mtu aliyesema.

Niliwasikia barazani.

“Fundi, naifuta sasa hivi,” Karani alisema. Sauti yake haikuwa sauti yake. “Tayari. Nimeshaifuta.”

“Umefuta?”

“Nimefuta kabisa, Fundi. Haipo.”

“Na waliokwisha kupita, utawafutaje?”

Nesi akaingilia. “Lakini Fundi, wale si sisi. Hata hatuwajui. Tuende tukawaambie hivyo tu, kwamba hatuwajui.”

“Wamepita njia niliyoionyesha mimi,” Fundi alisema. “Nikisema siwajui, nimesema njia siijui.”

Kisha alifanya ambalo hakuwahi kulifanya. Alipanda hadi mlangoni kwangu, akapiga hodi ya mlango wa ndani.

“Bi Mkubwa, nina msiba wa kuhani, na nimechelewa.”

“Kafa nani?”

“Mama yake Mwenye Mikorosho.”

“Lini?”

“Wiki ya tatu hii.”

“Wiki ya tatu! Na wewe mtu mzima unanijia leo?”

“Leo ndiyo nimejua. Waliokosewa ni wanawake, wakiwa kwenye majamvi yao. Mimi sina pa kukaa pale. Anatakiwa mwanamke mwenye umri.”

Nilimsema maneno mengi ambayo sitayarudia. Halafu nikamwambia anipe mpaka Jumapili, niandae mchele na sukari.

Jumapili hiyo tulivuka. Fundi aliamuru kila mtu achukue baiskeli yake na asiipande hata hatua moja, toka lami inapoishia hadi kule. Miguu yangu haikuweza mwendo ule, nami nikakataa gari, kwa kuwa gari lisingekuwa na maana katika safari hiyo. Basi nilikaa kwa ubavu juu ya keria yake, khanga mbili, ubani wa mchele na sukari mapajani, na Fundi akanisukuma kilima kwa kilima akihema kama mvuta mkokoteni.

“Leo keria yako ina kitu,” nilimwambia.

“Kina uzito, Bi Mkubwa. Na kinasema.”

Niliiona njia kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Changarawe nyekundu, halafu mchanga mweupe, halafu kivuli cha mikorosho kilichotua juu ya mikono yetu. Sikusikia gari. Nilisikia mlio wa baiskeli ya Fundi, na mbele yetu, kabla hatujaonekana, nikasikia sauti ya mtoto shambani: “Fundi huyo! Fundi anakuja!” Ndipo nilipoelewa kazi ya mlio ule. Aliuacha makusudi ili asimshtue mtu nyumbani kwake.

Tulifika kwenye miiba. Fundi akaegemeza baiskeli mwilini mwake, akapiga hodi.

Kimya. Moshi wa jiko ulionekana, na watu walikuwapo. Alipiga ya pili, akangoja. Ya tatu, akangoja. Jua lilipanda. Daktari wa meno alinong'ona kwamba labda turudi, Fundi akamtazama tu. Nilimtazama mtu yule amesimama na nikaiona ile asubuhi ya nyiradi zangu, sanduku begani. Ndivyo alivyokuwa akisimama mahali pote.

Mwishowe sauti ya mwanamke ikatoka ndani. “Mmekuja kuhani, au mmekuja kufunguliwa njia?”

Fundi alifungua mdomo, na neno halikutoka. Najua kwa nini. Njia ile ilikuwa kazi ya maisha yake, na hakuwa mtu wa kusema uongo mbele ya msiba. Basi nilijibu mimi, kwa sauti ambayo wapangaji wangu wanaijua.

“Tumekuja kuhani, mwanangu. Njia ikibaki imefungwa, tutarudi tulikotoka, na msiba utakuwa umehaniwa.”

Kisha: “Karibuni. Zungukeni kwa nyuma.”

Wanaume walikaa nje na shemeji zake. Mimi na Nesi tuliingia kwenye jamvi, tukampa mkono, tukamsomea marehemu. Mwenye Mikorosho alikuwa mwanamke mfupi, macho makavu, mtu wa kazi. Hakulia mbele yetu. Alisema tu kwamba mama yake, alipokuwa mgonjwa, ndiye aliyekuwa akiuliza kila Jumapili kama wale wa baiskeli wameshapita, ili awapokee salamu.

Tulipokwisha, Fundi alimwita Karani aje karibu na jamvi. Hakumsaidia neno.

“Shikamoo, mama,” Karani alisema. “Wale watu niliwaleta mimi. Sikuwajua, lakini ni mimi niliyewaonyesha. Naomba radhi.”

“Una mama, wewe?”

“Ninaye.”

“Mungu akuwekee. Siku yake ikifika, utapenda kengele?”

Karani aliinama tu. Mwenye Mikorosho akamwambia ale wali kabla haujapoa, na akaula.

Tulipoaga hakuna aliyeitaja njia. Fundi alikuwa ameshaniweka kwenye keria na ameanza kunisukuma kurudi, mgongo wake umekubali kushindwa. Hapo tukasikia panga likikata. Mwenye Mikorosho mwenyewe alikuwa amesimama kwenye miiba.

“Fundi! Niletee hiyo baiskeli yako. Mshushe mama.”

Nikashushwa. Akaisimamisha baiskeli katikati ya matawi, akamwambia Fundi asimame ubavuni mwake, mkono kwenye usukani, kama anavyosimama siku zote. Akawapima wote wawili kwa jicho, akakata miiba kwa upana ule ule na si zaidi. Juu akayaacha matawi yameinama, kimo cha mtu aliyesimama.

“Atakayekuja ameshuka atapita,” alisema. “Atakayekuja amepanda, miiba itamshusha.”

Mwanya huo upo hadi leo. Wenye mashamba wengine watatu waliuona, nao wakakata wa kwao, kwa kipimo kile kile. Bodaboda haipiti. Nilirudi huko kila mwaka baada ya Idi, kumsalimu Mwenye Mikorosho, nikisukumwa na Nesi kwenye keria, na njia nikaijua kona kwa kona.

Siku hizi baraza langu halina beseni wala magurudumu. Magoti ya Fundi yaligoma, macho yakafuata, na binti yake akamchukua kwake Magomeni. Nilikwenda kumtazama mwezi uliopita, na mjukuu wangu huyu alinishika mkono. Tulimkuta amekaa kitandani, suruali imebanwa kwa vibanio vya kijani, ingawa haendi popote.

“Bi Mkubwa,” alisema kabla sijasalimu. Alinijua kwa hatua. “Nasikia vigingi vya viwanja vimefika njiani. Niambie kweli.”

“Vimefika. Kile kipande cha wagema kimepimwa, na greda limeshapita. Magari yanaingia.”

Kidole chake kiligonga ukingo wa kitanda, kama mtu anayetafuta spoki iliyolegea.

“Basi imekatika.”

“Haijakatika. Karani alikwenda kwa miguu Jumapili nne, nyumba hata nyumba, upande wa juu wa bwawa. Nyumba tatu zilimkatalia, ya nne ikamwitikia. Wanapita hapo sasa.”

“Ameandika mahali?”

“Simu aliiacha nyumbani.”

“Alirudi kusalimu?”

“Mara mbili. Bila baiskeli.”

Nimemfahamu mtu huyu kwa miaka mingi, na nimekwisha kusema kwamba hakuwa msifu. Alisema, “Vizuri,” akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akaniambia, “Nipitishe, Bi Mkubwa. Toka pantoni. Yote.”

Hapa, mjukuu wangu, weka kalamu chini.

Haya, chukua.

Nilimpitisha. Sikuwa na karatasi na sikuihitaji. Mtu asiyesoma hubeba vyote kichwani. Kwenye pantoni alifumba macho, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, nami nikaharakisha maji yale. Kwenye mikorosho aliyafumbua. Kwenye mwanya alishuka; niliiona miguu yake ikisogea chini ya shuka. Nikafika upande wa juu wa bwawa, kipande kipya nilichosimuliwa na Karani, nami nikiwa na fahari ya kumpeleka mahali asipopajua, nikasema, “Hapo unakata kushoto, unapita nyuma ya jiko, unatokea kwenye minazi miwili.”

Akainua mkono.

“Jiko la nani?”

“La ile nyumba ya nne.”

“Umepita uani kwa watu, Bi Mkubwa. Sijasikia hodi. Rudi.”

Wanangu wote ni watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia rudi. Nilirudi. Nilisimama katikati ya chumba kile cha Magomeni, nikaishika fimbo yangu kama mtu anavyoshika usukani, nikasema kwa sauti ya kusikika, “Hodi!”

Fundi hakujibu. Aliniacha nimesimama, kama inavyopasa. Na kutoka uani, kwenye moshi wa jiko, binti yake, ambaye hakujua lolote, aliitika kama angeitika siku yoyote.

“Karibuni!”

“Umeitikiwa,” Fundi akasema. “Pita.”